Mwenyekiti Jumbe na Nusu ya Mhadhara

Jumbe, mwenyekiti wa timu ya kandanda ya Bodo, alikuwa mtu wa mwili. Akiingia mahali, tumbo lilitangulia, naye akafuata nyuma kwa heshima zake. Timu aliipenda kwa moyo, lakini kwa miguu hakuwahi kuipenda hata siku moja. Pamoja na hayo, kila msimu jina lake liliandikishwa miongoni mwa wachezaji, maana jezi nambari kumi ilimkaa vizuri kwenye picha, na hakuona sababu ya kumvisha mtoto wa watu.

Aliyemkera ni Chengo, kocha wa timu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekonda kama ufito. Kila walipokutana, Chengo alikuwa na neno lile lile.

"Shikamoo, mwenyekiti. Lini utakuja kukimbia nasi? Vijana wangefurahi."

"Marahaba, mwanangu. Inshallah," Jumbe alijibu, na inshallah yake ilimaanisha hapana.

Ikatokea semina ya afya na michezo katika hoteli moja ya Diani, viongozi wa timu wakaalikwa. Msemaji alikuwa Daktari Eunice, bingwa wa tiba ya wanamichezo. Alieleza kwamba mwili unapochoma chakula kwa oksijeni hutoa chembe kali, kama vile jiko la makaa linavyorusha cheche. Chembe hizo zikiishinda kinga ya mwili, huanza kuziunguza seli zenyewe. Hali hiyo wataalamu huiita mkazo oksidishi, na baadhi ya matunda na vitamini husaidia kuipunguza.

"Na mtu anapokimbia," akasema daktari, "jiko huwaka zaidi, na cheche huongezeka."

Jumbe alisisimka. Miaka yote alikuwa akijua moyoni kwamba kukimbia ni jambo baya, ila ushahidi ndio uliokosekana. Wakati huo huo mlango wa pembeni ulifunguliwa, na harufu ya pweza wa nazi ikaingia ukumbini. "Lakini," akaendelea daktari, na kabla hajatamka neno la pili, Jumbe alikuwa keshafika kwenye foleni, sahani mkononi.

Aliporudi Bodo aliwakusanya wachezaji uwanjani, pale nyuma ya shule. Fainali ya kombe dhidi ya Majoreni ilikuwa imekaribia.

"Vijana wangu," akasema, "mmekuwa mkijiunguza, na mimi nikiwatazama! Kila mnapokimbia, mnawaka kwa ndani. Kuanzia leo hakuna mazoezi hadi siku ya fainali. Mtapumzika, na mtakunywa vitu vya kuzima cheche."

Swafwan, nahodha, aliinua mkono. "Mwenyekiti, na Majoreni?"

"Waache wajiunguze. Siku ya mechi mtakutana na majivu."

Vijana wavivu walipiga makofi. Chengo alimfuata Jumbe pembeni na kumwuliza kwa adabu, "Mwenyekiti, samahani. Daktari wa semina ulimsikiliza hadi mwisho?"

"Nilisikiliza kiini chake. Mwisho wa maneno ni kwa watu wasioelewa mwanzo."

Kamati ilipiga kura, na kwa kuwa wanakamati wote walikuwa wa umbo la mwenyekiti, sayansi ilipita bila kupingwa. Chengo akaambiwa akae nyumbani. Wachezaji wakalazwa kwenye mikeka barazani kwa Jumbe, wakinyweshwa juisi ya zambarau asubuhi, ya komamanga mchana na chai ya kijani jioni, juu yake vidonge vya vitamini ambavyo Jumbe alivigawa kwa ukarimu. Midomo yao ikawa ya rangi ya zambarau. Esha, mke wa Jumbe, ndiye aliyezikamua juisi zote. Alikuwa mama mwepesi aliyezoea kutembea kila alfajiri hadi ufukweni na kurudi.

"Baba Hafswa," alimwambia mumewe, "kama kutembea kunaunguza, mimi ningekuwa mkaa zamani."

"Wewe ni mwanamke, una maji mengi," Jumbe alimjibu, na akaonekana ameridhika na utafiti wake.

Siku ya fainali uwanja wa Msambweni ulifurika. Jumbe alikuwa amemwalika Daktari Eunice kuwa mgeni wa heshima, apate kuiona elimu yake ikifanya kazi. Alimkalisha chini ya turubai, akamwagizia madafu, naye mwenyewe akakaa karibu na benchi la timu, amevaa jezi nambari kumi.

Kwa muda mfupi Bodo walicheza kama malaika. Halafu miguu ikakumbuka mikeka. Majoreni, ambao walikuwa wakikimbia kwenye mchanga wa pwani kila siku, waliongeza mwendo, na vijana wa Bodo wakabaki wakiwasindikiza kwa macho. Mmoja alibanwa na misuli ya paja, mwingine akaketi mwenyewe katikati ya uwanja kama aliyefika nyumbani. Kufikia kipindi cha pili mabao hayakuwa na haja ya kuhesabiwa, na wachezaji wa akiba walikuwa wamekwisha wote. Swafwan naye akaanguka akishika shavu la mguu, akatolewa.

Refa alikuja na orodha yake. "Nambari kumi bado hajacheza."

Watu wote walimgeukia Jumbe.

Angeweza kukataa. Lakini daktari alikuwa anatazama, na Majoreni walikuwa wanacheka. Tena, alijiambia, hakuna mwili uwanjani hapa uliopumzika kama huu wangu. Akaingia huku akipunga mkono. Mpira ukamjia, taratibu, kama uliomwonea huruma. Jumbe aliukimbilia, na kwa hatua chache za mwanzo umati ulishangilia kweli kweli. Kisha pumzi ikamtoka, uwanja ukaanza kuzunguka, na mwenyekiti wa Bodo akalala kifudifudi juu ya nyasi, mpira ukampita na kutoka nje.

Daktari Eunice alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimgeuza, akampima mapigo ya moyo, akamnywesha maji kidogo kidogo. Esha alikuwa ameshika kichwa cha mumewe, analia.

"Hana hatari," daktari alimtuliza. "Huu ni mwili uliozoea kukaa, umekurupushwa tu."

"Cheche," Jumbe alinong'ona. "Daktari, si ulisema mazoezi huongeza cheche?"

"Nilisema, Mzee Jumbe. Kwa mtu kama wewe, anayekimbia ghafla, cheche huruka na hakuna wa kuzizima. Lakini afanyaye mazoezi mara kwa mara, kwa kiasi, mwili wake hujifunza kuunda wazima moto wake mwenyewe. Ndipo cheche zinapokuwa hazina madhara, na hata akiwa amekaa huungua kidogo kuliko wewe. Hivyo vidonge ninavyosikia uliwajaza vijana huenda vikauambia mwili usijisumbue kujifunza."

"Na kwa nini hukuyasema haya siku ile?"

"Niliyasema. Wewe ulikuwa kwenye foleni ya pweza."

Chengo, aliyekuwa amekuja kama mtazamaji, aligeuza uso asionekane anacheka.

Kikao kilichofuata kilikuwa kifupi. Jumbe alimwomba kocha radhi mbele ya vijana, jambo ambalo halikuwahi kusikika Bodo, ingawa aliongeza kwamba sayansi nayo ina lawama yake. Chengo alirudi na filimbi, mikeka ikakunjwa.

Esha naye hakupoteza muda. Kesho yake alfajiri, baada ya sala, alimwamsha mumewe na kumpa viatu. Jumbe alichagua njia ya nyuma, katikati ya minazi, ili asionwe na mtu. Akaonwa na timu nzima, maana ndiyo njia waliyopita wakikimbia.

"Shikamoo, mwenyekiti!" waliimba kwa pamoja wakimpita.

"Mara..." alijibu Jumbe, na pumzi ikaishia hapo.

Ilikuwa hivyo kwa siku nyingi: mara, na kukohoa. Vijana hawakumcheka, ila walipunguza mwendo kila walipomkaribia, kumpa nafasi. Asubuhi moja jibu lilitoka lote, marahaba nzima na salamu za nyumbani juu yake, na Jumbe hakusimama. Alimwangalia mkewe kama mtu aliyefunga bao.

"Umesikia, Mama Hafswa?"

"Nimesikia," Esha alisema, akakaza mwendo. "Basi kesho tutafika hadi kwenye mikoko."