Redio ya Nabiswa

Mwaka wa themanini na moja nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Dandora, na majivuno yangu hayakuwa haba. Nikiitwa Irungu fundi nilipanua kifua, ungedhani redio ya kwanza duniani niliiunda mimi. Ukweli ni kwamba nusu ya riziki yangu ilitoka kwenye redio zilizokufa. Nilizinunua kwa waokotaji wa jaani, nikazifungua, nikatoa spika, nikakunjua nyaya za shaba kwenye koili na kuziuza kwa kilo. Hakuna kilichotupwa.

Shida ni kwamba hata redio zilizo hai sikuziacha salama. Sisi mafundi tulikuwa na mtindo tuliouita kuazima. Mteja akija na haraka na huna spea, unachomoa kwenye redio ya mteja mpole, halafu unamrudishia ukipata nyingine. Tuliapiana kwamba huo si wizi.

Nabiswa alikuwa bawabu kule Industrial Area, mtu wa Kimilili, mbali kule magharibi, mpole kupita kiasi. Aliniletea redio yake Jumatatu moja akiwa na wasiwasi. Baba yake alikuwa mahututi nyumbani, na kwa kuwa barua zilichukua wiki mbili, walikubaliana kwamba mzee akifariki atatangazwa redioni jioni, kwa lugha ya kwao. Pale plotini alikopanga chumba hakuna mwingine aliyeijua lugha hiyo.

Niliifungua akiwa amesimama. Waya wa betri ulikuwa umekatika, basi. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Lakini mteja akiona kazi imeisha haraka hubisha malipo, kwa hiyo nikakunja uso, nikatikisa kichwa, nikamwambia aiache mpaka Jumamosi.

Jumanne, Johnson mwenye hoteli ya chai akaja na redio kubwa iliyopasuka spika, na hakutaka kusikia habari ya kesho. Nikaazima spika ya Nabiswa. Alhamisi mnunuzi wa shaba akapita, mfuko wangu wa nyaya ulikuwa haujajaa, nikachomoa na koili. Nilipotanabahi, redio imebaki kasha. Jumamosi nikamwambia Nabiswa kwamba spea haijafika mjini. Jumamosi ya pili nikamwambia hivyo hivyo, nikimkazia macho. Akanishukuru kwa kuhangaika.

Ya tatu hakuja. Alikuja Jumatano iliyofuata, kichwa kimenyolewa. Kwenye benchi alikuwepo Lydiah, mama wa mboga, redio yake mapajani, akisubiri zamu. Nabiswa akanieleza polepole. Mzee alitangazwa jioni tatu mfululizo. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo walimngoja siku mbili zaidi, halafu wakazika. Barua ya binamu yake ilipomfikia na yeye akafika nyumbani, udongo wa kaburi ulikuwa umekauka. Alisema kosa ni lake, angeomba kusikiliza redio kwa mtu mwingine. Nilijisikia mchafu, na bado nikampa pole kwa sauti ya mtu asiyehusika.

"Nipe tu redio yangu, fundi," akasema. "Nitakaa nayo hivyo hivyo."

Nikaishusha kutoka rafuni. Akaipokea kwa mikono miwili, na mikono ikaruka juu kidogo, maana alijiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Akaitikisa. Akanitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne," nikasema. "Ile ya kwanza."

Midomo yake ikacheza, nikajua anahesabu siku. Kisha akamwona Lydiah akitutazama. Neno moja tu kutoka kwake lingefunga kibanda changu, na nasema kweli, nilitamani alitamke, anitukane, hata anizabe kofi mbele za watu. Hakufanya hivyo. Akaliweka kasha lile kwapani, akalishika kwa mikono yote miwili ili lionekane zito.

"Asante, fundi," akasema kwa sauti ya kusikika, akaenda zake.

Lydiah akasogea na kuniwekea redio yake mezani. Akasema ameona jinsi wateja wangu wanavyoondoka wameridhika, na yeye hana haraka, nikae nayo hata mwezi.

Nilishindwa kuigusa.