Baiskeli Iliyolala Ndani

Mume wangu Niyongabo si mtu mbaya. Naomba nianze hapo, maana nitakayosema baadaye yatawafanya mmchukie, na hata mimi siku ile nilimchukia. Ni mwoga tu. Na uoga wake una jina, unaitwa Celestini, mtoto wetu wa kwanza.

Celestini alikuwa akibeba ndizi kwa baiskeli kwenda kuuza barabara kuu, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Siku moja, upande wa Ngara, alishika nyuma ya lori limvute mlimani, na lori lilipoanza kushuka hakuliachia mapema. Tulipotoka kumzika, baba yake aliitundika ile baiskeli juu kwenye dari la jiko la nje, hakuigusa tena. Na mimi akaacha kuniita Mama Celestini. Nikawa Mama Kankindi, kana kwamba kuzaa nilianzia kwa huyu wa pili.

Sasa huyo Kankindi, katika kazi zote zilizopo duniani, akaenda kuchagua baiskeli.

Kuna kampuni ndogo ya Mwanza inayoleta watu wenye hela zao kuendesha baiskeli za milimani. Wanaanzia Biharamulo mjini, kwenye boma la Wajerumani, wanapita kwetu Runazi, wanafuata msitu mpaka walione ziwa Burigi, kisha wanakwenda kumalizia Ngara. Raha yake mimi siijui. Mtu ana gari kwao, anakuja kutafuta jasho na vumbi huku kwetu, na analipia. Lakini walimtaka mtu anayezijua njia, na Kankindi anazijua tangu alipokuwa akifuata kuni na uyoga. Wakampa kazi, wakampa na baiskeli ya kukaa nayo, nyekundu, matairi mapana, breki za mafuta.

Baba yake alisema hapana. Alisema hapana asubuhi, akasema hapana jioni, akamwita na shemeji yangu aje aseme hapana. Kankindi akawasikiliza wote kwa adabu, akawaaga, akaenda kazini. Ana kichwa kigumu yule mtoto, na msiniulize kakitoa wapi.

Safari ninayoisimulia, wageni walilala Runazi, kwenye mahema uwanja wa shule, na Kankindi akaja kulala nyumbani. Jioni alikuja na mgeni wake mmoja, Renatus, kijana mrefu, karani wa benki huko Mwanza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda baiskeli za namna hiyo.

"Shikamoo mama. Kankindi ametusifia maharage yako njia nzima."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo umeyafuata huku kote?"

"Nimefuata maharage tu, mama. Msitu napita."

Nikampenda pale pale. Akala, nikamwongeza, akala tena. Kisha akamwuliza mume wangu habari za kubeba ndizi, na mimi roho ikanipasuka, maana maneno hayo kwetu hayatajwi. Lakini Niyongabo alimjibu. Akamweleza walivyokuwa wakipakia mikungu mpaka baiskeli haionekani, na walivyoshuka vilima kwa baiskeli zisizo na breki hata moja.

"Sasa mlikuwa mnasimamaje, mzee?"

Niyongabo akainua mguu wenye ndala, akamwonyesha. Unaurudisha nyuma, unabana soli kwenye tairi hapa chini ya kiti, unakandamiza polepole, usije tairi likaumeza mguu. Soli inanuka, inaungua, lakini mwendo unapungua. Renatus akasimama kujaribu, akapepesuka, nusura aangukie sufuria. Tulicheka wote. Niyongabo alicheka mpaka akafuta macho. Sikuwa nimemwona hivyo tangu msiba.

Kijana alipokwenda kwenye mahema yao, Kankindi aliingiza baiskeli ndani, akaiegemeza ukutani, chumba cha mbele. Mimi nikatoka kuosha vyombo, yeye akaenda kuoga.

Asubuhi alikunywa uji amesimama. Akabonyeza breki mbele yangu, ya kulia na ya kushoto, zikashika. Akanibusu, akaondoka. Baba yake alisimama mlangoni akimtazama mpaka akapinda penye duka, na safari hii hakusema hapana. Nikadhani hatimaye amekubali. Nilimwonea huruma, wallahi, nikamwekea sukari zaidi kwenye chai.

Nikachukua ufagio. Pale ilipolala baiskeli, kwenye sakafu, palikuwa na tone la mafuta, si kubwa. Nikaligusa, likateleza kidoleni.

"Baba Kankindi, baiskeli ya mtoto inavuja."

Aliweka kikombe chini. Akaja, akainama, akaligusa naye, akalinusa. Kisha akakaa palepale sakafuni, mtu mzima na ndevu zake.

"Nimeona breki zinashika," akasema. "Nikajua haikufaulu. Nikamshukuru Mungu, Mama Kankindi. Nikasema afadhali haikufaulu."

"Nini hakikufaulu?"

Akanieleza, na mimi nawaeleza nyinyi kama alivyonieleza. Breki zile hazina vyuma vya kuvuta kama za baiskeli zetu. Zina mpira mwembamba wenye mafuta ndani, na mpira umebanwa na nati pale kwenye usukani. Jioni ile, mimi nikiwa kwenye vyombo na mtoto bafuni, Niyongabo alichukua spana akalegeza nati zote mbili. Alitaka mafuta yaishe usiku. Asubuhi mtoto abonyeze, breki zisishike, wageni waende bila yeye, maana huku kwetu fundi wa breki zile hayupo. Angekaa nyumbani. Ndiyo akili yake yote aliyotumia. Na kwa kuwa aliogopa kugunduliwa, alizilegeza kidogo tu. Na kwa kuwa alizilegeza kidogo tu, mafuta hayakuisha usiku. Yalikuwa yanaisha sasa, njiani.

"Niyongabo," nikamwambia. Katika ndoa yetu yote nilikuwa sijawahi kumwita kwa jina. "Niyongabo, ule mteremko."

Wanaopita njia hiyo wote wanaujua. Msitu ni tambarare mwanzoni, mtu anaweza kwenda bila kugusa breki kabisa, halafu njia inainama ghafla upande wa ziwani, mawe matupu, na kona mbaya katikati, na chini ya kona ni korongo.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani, kule mtandao hakuna. Nikatoka mbio mpaka kwa jirani yetu Nshoma, Msukuma mmoja mwenye pikipiki, nikamwambia atupeleke msituni sasa hivi. Nshoma ni mtu wa maneno.

"Mama, mtoto amesahau chakula?"

"Washa pikipiki, Nshoma."

"Mzee naye anakwenda? Kumbe nyinyi ndio watalii."

Aliponitazama usoni akaacha utani, akawasha.

Tulikaa mshikaki, mimi katikati, Niyongabo nyuma. Njia nzima nilikuwa nasikia midomo yake mgongoni mwangu. Mana yanje, Mana yanje, Mungu wangu, kwa Kirundi cha mama yake, hakuna neno jingine. Na mimi nilikuwa naomba pia, lakini nilikuwa nimemkasirikia hata nikashindwa kuomba vizuri. Nilikuwa namwambia Mungu, huyu mmoja tu, huyu usimguse, mengine yote fanya unavyotaka. Nakumbuka nilisema hivyo hasa. Mengine yote.

Karibu na pale njia inapoinama tukamwona. Alikuwa anatembea kwa miguu, kofia ngumu imening'inia begani, anasukuma baiskeli.

Niyongabo aliruka kabla pikipiki haijasimama. Akaanguka, akainuka, akamfikia, akamshika mabega, akamshika uso, akapiga magoti kwenye mawe akalia kwa sauti. Mimi nikakaa chini. Nshoma akageuka akatazama miti.

"Jamani, kuna nini?" Kankindi akauliza. "Kuna msiba? Mama, nani?"

"Hakuna msiba," nikasema. "Hakuna, mwanangu. Tumekuona, basi." Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Kisha nikaitazama baiskeli aliyokuwa anasukuma. Ilikuwa ya bluu.

"Yako iko wapi?"

"Nimempa Renatus. Hii yake imevunjika gia, na mimi naweza kushuka kwa miguu, nawafuata." Akampangusa baba yake vumbi begani, bado anashangaa. "Si unajua yeye mgeni wa mambo haya. Hizi nyingine zimelala nje kwenye umande. Nikaona nimpe ile iliyolala ndani, ndiyo ya kuaminika."

Niyongabo aliacha kulia. Aliacha mara moja, kama mtu aliyezibwa mdomo. Akasimama akakimbia kuteremka, na ndala zake, juu ya mawe yale, na sisi tukamfuata, na Kankindi nyuma yetu anauliza nini, jamani nini.

Wenzake Renatus walikuwa wamesimama kwenye kona, wamevua kofia zao ngumu, hawajui washike wapi. Yeye alikuwa chini kidogo, kwenye korongo, amelala chali kando ya jiwe. Macho yamefunguka, anapumua. Shati halikuwa na damu nyingi, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaona kiatu chake cha kulia. Soli ilikuwa imeungua katikati, imeyeyuka, inanuka.

Nshoma akasema anarudi juu mpaka mtandao upatikane, aite gari la hospitali. Akapanda mbio. Niyongabo alikuwa ameshafika chini, amepiga magoti, amekishika kichwa cha kijana kwa mikono miwili kisiyumbe, kama wabeba ndizi walivyokuwa wakifanya zamani mwenzao alipoanguka.

Renatus alimtambua.

"Mzee," akasema. "Breki ziliisha. Nilibana na mguu, kama ulivyonionyesha."

"Nimeona, mwanangu. Umebana vizuri."

"Ikapunguza kidogo." Akameza mate. "Mzee, miguu nimeivunja? Mbona siisikii?"

Nikavua kanga yangu ya juu nikamfunika, ingawa jua lilikuwa kali. Nilikumbuka nilichomwambia Mungu kwenye pikipiki, na nikaona aibu mbele ya kijana wa watu, aliyekula kwangu jana, ambaye mama yake huko Mwanza saa hiyo labda alikuwa sokoni ananunua dagaa na hajui chochote.

Kankindi alikuwa kwenye kichaka, baiskeli nyekundu ilikotupwa. Aliisimamisha. Akabonyeza breki, zikaingia mpaka mwisho bila nguvu. Akapitisha kidole kwenye mpira mpaka kwenye nati, akakitazama kidole. Kisha akainama karibu kabisa, akaitazama na nati ya pili. Alipokuja kwetu uso ulikuwa umebadilika.

"Zimelegezwa," akasema. "Zote mbili. Kuanguka hakulegezi hivi, hii ni spana, alama zake zipo." Alikuwa anamwambia baba yake, kwa sababu katika nyumba yetu baba ndiye mjuzi wa baiskeli. Hakumshuku hata kidogo. Ningependa mlijue hilo. "Na jana jioni zilikuwa nzima, mimi mwenyewe nilizikagua. Baba, nani aliingia nyumbani?"

Mikono ya Niyongabo ilikuwa imekishika kichwa cha Renatus na hangeweza kukiachia. Aliinua macho akanitazama mimi. Tumeishi pamoja miaka mingi, nayajua macho yake yanapoomba. Na njia ya kumficha ilikuwepo. Watoto wa majirani huingia na kutoka kwetu siku nzima, wageni wenyewe walikuwa wanapita pita, ningesema lolote mtoto angeniamini. Renatus naye alikuwa ananitazama, anasubiri, kama mtu anayetaka kujua.

"Hakuna mtu aliyeingia," nikasema.