Flashi Mbili za Pembeni

Mimi mtu akiniharakisha naharibu kazi. Siku ile Mzee Deus, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, alinisimamia kichwani kama askari. "Binti, picha iko wapi?" Nikamjibu picha si chapati, mzee wangu. Nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa naogopa.

Chini ya ukuta wa bwawa lao, upande wa Usoke, anakaa Kabula na watoto wake. Wiki nzima ardhi ya nyuma ya jiko lake ilikuwa ikitoa maji ya tope, naye akasema ukuta umepasuka huko ndani. Mzee Deus akakataa kufungulia maji ili yapungue. Ni ya vitalu vya tumbaku vya kijiji kizima, alisema, kwa hiyo kwanza yeye auone huo ufa kwa macho yake. Mdogo wangu Sabiri, aliyejifunza kuzamia Kigoma akikamata samaki wa mapambo, alishuka akaupapasa kwa mkono. Hawakumwamini, eti amekula ugali wa Kabula. Ndipo nikaitwa mimi Najiat, mpiga picha wa harusi kutoka Mtendeni, na kamera yangu yenye kasha lisilopitisha maji. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

Nilikuwa na flashi moja kubwa ya kukaa juu ya lenzi, na mbili ndogo zenye mikono mirefu. Nikachagua kubwa bila hata kufikiri. Kwetu bibi harusi asipong'aa uso, mama mkwe hakusalimii tena. Sabiri akashuka nayo, akarudi na picha imejaa madoa meupe mwanzo mwisho.

"Unga," alisema Mzee Deus. "Umetupigia picha ya mashine ya kusaga."

Watu wakacheka. Kabula hakucheka, alikuwa anatazama paa la nyumba yake kule chini.

"Dada, niongeze mwanga?" Sabiri aliuliza. Mshale wa mtungi wake wa hewa ulishaingia kwenye nyekundu. Ilibaki safari moja, tena fupi.

Hasira zikanipanda, safari hii juu yangu mwenyewe. Najiat, we mjinga nini? Ngoma ikikolea uani na vumbi likatimka, huwa siwamuliki wachezaji usoni. Mwanga wa mbele unaishia kwenye vumbi, kwa hiyo taa nampa mtu aishike pembeni. Na maji yale yalikuwa vumbi tupu! Nikaing'oa ile kubwa, nikafunga zile ndogo mbili, mikono nikaitanua kulia na kushoto, nguvu nikaipunguza.

"Hivi vidude? Na kiza cha kule?" Sabiri aliuliza.

"Nenda. Sogea karibu mpaka ukaribie kuugusa ufa."

Akazama. Nilishika kamba yake, ikateremka taratibu, kisha ikakaza na kugoma kabisa. Nikavuta, haiji. Mapovu yakaanza kupungua. "Vuteni jamani, mnaangalia nini!" nilipiga kelele, na Mzee Deus mwenyewe akatupa fimbo yake akashika kamba pamoja na Kabula.

Ikaachia ghafla. Sabiri aliibuka anakohoa, kamera mkononi, flashi moja haipo. "Ufa umeivuta," alisema. "Umeimeza pamoja na mkono wake."

Picha ilikuwa ya kahawia, lakini safi. Ufa ulionekana wote, mpana wa kuingiza mkono mzima, na tope likikimbilia ndani yake kama linaitwa.

"Mama yangu wee," alisema Mzee Deus. Alikimbilia gurudumu la lango la maji, anaita vijana waje wamsaidie, na vitalu hakuvitaja tena.

Mimi kwa furaha nikamkumbatia Kabula. "Umeshinda, mwenzangu!"

Akanitoa mikono taratibu. Alikuwa analia.

"Nimeshinda nini, dada? Mimi nilikuwa naomba Mungu nionekane mwongo."

Akaanza kuteremka mteremko mbio, akiwaita watoto wake mmoja mmoja kwa majina.