Mshubiri wa Mama

Kaka yangu Octavian aliniaibisha mbele ya kaburi la mama, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Mama alisema kwa kinywa chake: "Nikifa, nipandieni mshubiri wangu upande wa kichwani, basi." Mishubiri yake ilikuwa kwetu Uchindile, kwenye mwamba nyuma ya nyumba. Mifupi, majani membamba yenye wekundu, miiba mikali, na uchungu wake usipime. Kuku wakiugua aliwakatia jani, akawawekea kwenye maji. Mwaka jana moto wa kuandaa mashamba ukapita pale, yote ikateketea. Ukabaki mmoja tu, ule alionipa mimi nilipoolewa huku Michenga.

Basi siku ya kusimika msalaba nikauchimba, nikautia kwenye kiroba, nikapanda nao treni. Nimefika tu, hata shikamoo yangu hajaiitikia, Octavian kafungua kiroba.

"Hiki nini?"

"Mshubiri wa mama."

"Kandida, usituletee masihara! Wa mama ulikuwa mdogo, mwekundu. Huu mnene, kijani kibichi, miiba yenyewe haichomi. Wa mama umeutupa, halafu umetuokotea huu njiani!"

Mungu wangu! Mimi? Nikamweleza: Michenga ni bondeni, udongo mweusi, masika maji yanafika mlangoni. Nimeupanda kivulini, nyuma ya bafu. Nani asingenenepa? Huku kwenu unakaa juu ya jiwe, unapigwa jua, baridi na upepo. Mmea ni ule ule! Akacheka. Shangazi Febronia, dada yake baba, akatazama chini. Hakunitetea hata mmoja. Msalaba ukasimikwa, mshubiri wa mama ukaachwa kwenye kiroba kama takataka.

Walipokwenda kula nikarudi makaburini peke yangu. Nikaupanda kwa kucha zangu, kwenye kokoto, kichwani pa mama, huku nalia kwa hasira. Nikaondoka bila kuaga. Wali wao wakale wenyewe!

Kiangazi kikapita. Jana simu ikaita, ni Octavian, sauti imemnywea.

"Mdogo wangu, ule mshubiri umebadilika. Majani mapya mafupi, mekundu, na miiba yake imenichoma leo. Ni wa mama kabisa. Shangazi ameuona, amelia."

Nikaketi kizingitini, simu sikioni.

"Nisamehe, Kandida."

"Kaka, nilipoolewa nilikuwa mwembamba kama ufito, sivyo?"

"Ndiyo."

"Siku ile ya msalaba ukaniona nilivyojaa, hata nguo za zamani haziniingii. Mbona hukusema mimi si mtoto wa mama?"

Nikamsikia anapenga kamasi, nikakata simu.