Nyumba Sitini Zilizofikia Sifuri

Jumatatu ya tarehe mosi Julai, saa mbili na robo asubuhi, Zuwena Hatibu alikuwa mezani kwake ofisini akila mhogo wa kuchemsha kwa chai ya rangi, simu ikalia. Alikuwa mhasibu mkuu wa Kampuni ya Mkonge Msarazi, ghorofa ya pili, mtaa wa Usagara, na mwezi ule ulikuwa na kazi moja tu: kutayarisha taarifa za fedha za nusu mwaka. Hisa za kampuni zilikuwa zinauzwa sokoni, kwa hiyo taarifa zilipaswa kutoka gazetini kabla Julai haijaisha.

Aliyepiga alikuwa Fanueli, msimamizi wa shamba la Mwera, kule Pangani. Walipomaliza kujuliana hali alisema nyumba za kambi hazionekani tangu alfajiri.

"Zote?" aliuliza Zuwena.

"Sitini. Zahanati ipo, na ya kwangu ipo."

"Na watu?"

"Watu wamo ndani, Bi Zuwena. Wanakunywa chai."

Zuwena aliandika sitini kwenye kikaratasi, akafungua rejesta ya mali. Kila taarifa ya fedha huwa na maelezo nyuma yake, na ndani ya maelezo hayo kampuni hutaja sera zake za uhasibu, yaani kanuni ilizojiwekea za kupima ilichonacho na inachodaiwa. Sera ya Msarazi ilisema nyumba za wafanyakazi zina maisha ya miaka arobaini, na kila mwaka thamani yake inakatwa fungu moja kwa ajili ya uchakavu. Zile za Mwera zilijengwa mwaka 1984. Fungu la mwisho lilikatwa jana yake, tarehe thelathini Juni. Zilikuwa zimefika sifuri.

Alimshukuru Fanueli, akamwambia sababu ameiona, akamalizia mhogo wake kabla haujapoa.

Zuwena hakuwa mtu wa papara. Mtaani kwake Nguvumali walimwita kila penye harusi aje kugawa nyama, kwa kuwa akishagawa yeye hakuna anayenung'unika. Kazini alikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuwahi kuandika hesabu ya kitu ambacho hakukiona, ama yeye mwenyewe au kupitia mtu anayemwamini. Jumatano alipanda gari la kampuni, akaenda Mwera kutazama.

Kambi ilikuwa kama Fanueli alivyosema. Vitanda, meza, majiko na masanduku vilikuwa vimepangwa kwa mistari sita juu ya ardhi tupu, na watu wakiendelea na shughuli zao katikati yake. Mwanamume mmoja alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo kilichoning'inia hewani. Upande wa kibla wa kila nyumba ya Waislamu zilitundikwa kanga ili wanaosali wasipitiwe na macho, na misumari ilishika vizuri, maana kuta zilikuwapo bado. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha, na hakuna aliyelowa.

Fanueli alimpeleka kwa Mama Lea, Mbondei wa miaka sabini na miwili, mjane, aliyefanya kazi miaka thelathini na mmoja korona, kwenye mashine ya kuchakata mkonge. Alikuwa ameketi akichambua choroko. Zuwena alibisha hodi hewani, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbao.

"Karibu," alisema Mama Lea. "Mlango uko kushoto kwako kidogo."

Zuwena aliingia, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Alipokaa aliona kwamba kutoka pale angeweza kuwatazama watu wa nyumba zote sitini, lakini kila aliyekutana naye kwa macho aligeuza uso upande kwa adabu, kama mtu aliyekumbuka jambo lingine.

"Siku ya kwanza tulitazamana," alieleza Mama Lea. "Siku ya pili tukaacha. Kila mtu ana yake ya kufichiwa."

Zuwena aliona adabu ile ni kazi kubwa kuliko kujenga ukuta. Aliuliza kama kuna shida yoyote ya kuandikwa. Mama Lea akasema ipo. Jana walikuja wapima ardhi na vigingi vyekundu. Walipita katikati ya vitanda, wakaomba radhi kila walipogusa sahani ya mtu, wakaandika kwamba eneo ni ardhi tupu. Walisema kuna mnunuzi anayetaka kujenga hoteli, na mahali pasipo na nyumba hapana mtu wa kuhamishwa wala kulipwa.

Kisha akamtolea barua iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Iliandikwa mwaka 2001, shamba lilipochukuliwa na wenyewe wa sasa na wafanyakazi wa zamani wakaachishwa. Ilisema kampuni haina fedha za kuwalipa viinua mgongo vyao kwa wakati ule, kwa hiyo kila familia ikae katika nyumba yake bila kodi hadi itakapolipwa haki yake yote. Chini kulikuwa na muhuri na sahihi ya mwenyekiti wa wakati huo. Familia sitini, barua sitini.

Zuwena aliisoma mara tatu. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuliona deni lile kwenye kitabu chochote. Aliipiga picha kwa simu, akairudisha kwa mikono miwili.

Mkurugenzi mtendaji, Robert, alimpokea vizuri Alhamisi na kuagiza soda mbili. Alikuwa mtu mpole aliyependa mambo yaishe. Habari za nyumba alikuwa nazo na hazikumsumbua. Alisema kila mali ina mwisho wake. Akamkumbusha kwamba taarifa za nusu mwaka hazipitiwi na wakaguzi wa nje, na kila mara huandikwa sentensi ileile, kwamba sera za uhasibu ni zile zilizotumika mwaka uliopita. Anakili tu, aweke sahihi, waende mbele.

"Sera ni zilezile," alijibu Zuwena. "Na sera hiyohiyo inasema kila mwaka tutazame upya kama maisha tuliyoipa mali ni sahihi. Hatukutazama. Mimi ndiye niliyepaswa kutazama."

Robert alimwuliza kama anajua anachosema, maana kukiri kosa la miaka yote ile kwenye karatasi ya hadharani kungeweza kumgharimu leseni. Zuwena alisema anajua. Nyumba wanayoishi watu haijaisha. Aliyeandika kwamba imeisha amekosea, na jina lake ni Zuwena Hatibu. Kisha akataja jambo la pili, lile deni la barua. Hapo Robert hakumalizia soda yake.

Bodi ilikutana wiki ya nne chini ya mwenyekiti Suleimani, mzee aliyesikiliza akiwa amefumba macho. Walibishana kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Mjumbe mmoja alisema bei ya hisa itaanguka, mwingine alisema mhasibu mwingine atapatikana. Mwenyekiti akafumbua macho na kuuliza kama atapatikana kabla ya Jumatano ijayo. Bila sahihi ya mhasibu mkuu taarifa zisingetoka, na zisipotoka soko lingesimamisha hisa.

Walimkubalia la kwanza. Thamani ya nyumba irekebishwe, na irudishwe robo ya gharama yake ya zamani. La pili walilikata. Deni lisiingie kwenye tarakimu, kwa kuwa likiingia faida ya nusu mwaka inageuka hasara. Zuwena alisema deni lisipotajwa popote hatatia sahihi, na wao walimjua. Basi wakamwachia alitaje kwa maneno, nyuma, kwenye maelezo, mahali ambapo, kama alivyosema Robert bila ubaya, hakuna anayesoma.

Siku mbili nzima alizitumia kwa aya moja. Rasimu ya wanasheria wa kampuni ilisema "madai ya baadhi ya wakaazi", akaifuta. Akaandika ahadi ya kampuni kwa familia sitini, tarehe ya barua, na kwamba ahadi haijatimizwa. Juu yake aliandika aya nyingine fupi ya kosa lake mwenyewe, bila kumtaja mtu mwingine yeyote.

Taarifa zilitoka gazetini Jumatano ya tarehe thelathini na moja. Saa moja asubuhi Fanueli alipiga kusema nyumba zimeanza kuonekana. Aliulizwa zinaonekana kiasi gani, akatoka nje, akatazama, akasema robo. Kuta zilikuwa na rangi ya maji ya dafu. Mtu aliye ndani alionekana kama kivuli, hakujulikana ni nani wala anafanya nini. Watu walianua kanga kutoka ukutani, wakazivaa. Ijumaa wapima ardhi walirudi, wakaziona nyumba, wakang'oa vigingi vyao na kuondoka navyo.

Hisa ilishuka shilingi nne, ikapanda tatu. Zuwena alipewa barua ya onyo kali. Aliisoma, akasahihisha tarehe iliyokosewa, akaipeleka mwenyewe masjala ili iingie kwenye jalada lake.

Deni halikulipwa. Taarifa ya mwaka ikaja, na nusu mwaka nyingine, na aya ile ikatoka kwa maneno yaleyale, kwa herufi ndogo, na hakuna mwenye hisa aliyeuliza. Kitu kimoja tu kilibadilika, idadi, kwa kuwa Zuwena hakukubali kunakili idadi. Kila Juni na kila Desemba alikwenda Mwera kwa nauli yake, akabisha hodi mlango kwa mlango, akahesabu. Sitini ikawa hamsini na nane, kisha hamsini na sita. Waliopungua hawakuwa wamelipwa. Walikuwa wamezikwa bila ndugu wa kuachiwa barua.

Mara ya mwisho alimkuta Mama Lea amelala, mguu umevimba. Mama Lea aliuliza kama karatasi ya safari hii imeshaandikwa. Zuwena alisema bado, ndiyo anaiandika.

"Na mimi nimo?"

"Umo, mama. Ukurasa wa kumi na tatu."

Mama Lea akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa. Zuwena akaweka alama kwenye daftari, akaaga, akaenda kubisha hodi nyumba ya pili.