Magugu ya Bibi Pechiammal

Katika Mtaa wa Kaskazini wote, pale Puliyangulam, mji mdogo wa kusini mwa India, hapakuwa na jani ambalo Kuyili hakulijua kwa jina, kwa ukoo na kwa tabia. Maneno hayo si yangu. Ni ya Kuyili mwenyewe, aliyatamka Jumatatu asubuhi akiwa amesimama kizingitini, mikono kiunoni, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye zizi la jirani.

"Bibi, nenda zako Madurai kwa amani. Bustani hii naijua kuliko ninavyojijua mwenyewe."

Bibi Pechiammal alikuwa akifunga kifurushi cha kumpelekea binti yake aliyejifungua: tangawizi kavu, pilipili manga, na bonge la sukari guru ya mvumo. Alimtazama mjukuu wake kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu.

"Basi wewe hujijui kabisa," akasema. "Sikiliza. Mwagilia kabla jua halijapanda. Mtu akija na kikohozi, mpe majani ya tuduvalai, umwambie aangalie miiba. Mwenye mafua mpe karpuravalli. Usichume kwa kucha. Kivuli chako kisiuangukie mmea unaoutaka. Na usiung'oe mmea wowote kabla hujauomba ruhusa."

"Na ukisema hapana?"

"Hautasema. Utanyauka mbele ya macho yako."

Kuyili akacheka mpaka ua la asumini likamdondoka kichwani. Tangu utotoni alikuwa akimwona bibi yake akifanya mambo hayo. Jioni huufunga mmea uzi uliopakwa manjano, huumwagilia maji shinani, huunong'oneza shida yake. Alfajiri hurudi na kijiti cha mkwaju, kamwe si chuma, akauchimbua taratibu pamoja na udongo wake. Uzi wa manjano, kwa watu wa kule, ndio ule ambao bwana harusi humfunga mkewe shingoni. Kwa hiyo Kuyili, aliyemaliza darasa la kumi na mbili na kupata alama nzuri za biolojia, alikuwa akiwaambia wenzake, "Bibi yangu ana wake mia mbili, wote majani."

Lakini utani ni utani, na wiki ile haikuwa ya utani. Shule ya msingi ya mwisho wa mtaa ilikuwa inaanzisha bustani ya dawa, na Ijumaa Mwalimu Arulmozhi angepita kuchagua nyumba moja itakayotoa miche. Jina la mama mwenye bustani hiyo lingeandikwa kwenye ubao na kusimikwa langoni pa shule. Kwa miaka arobaini, nusu ya mji imekohoa kwenye ua wa Bibi Pechiammal na kuondoka na majani yaliyofungwa kwenye jani la mgomba. Ila jina lake lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu duniani, kwenye kadi ya mgao wa mchele, na huko nako walikosea herufi mbili. Kuyili alikuwa amejiapiza: safari hii litaandikwa sawasawa, na kila mtoto atalisoma akiingia darasani.

Tatizo lilikuwa nyumba ya ng'ambo. Kwa Bi Annapurani kulikuwa na vyungu vya kung'aa, kila kimoja na kibao chake kilichopakwa rangi, na katikati bata wa saruji anayetema maji. Bi Annapurani alikuwa amesimama barazani kwake siku hiyohiyo Bibi alipoondoka.

"Kuyili, mwanangu," akaita, "huyo mwalimu akija umwonyeshe mlango. Bustani ya bibi yako ni kichaka chenye mlango."

"Afadhali kichaka, Mama Annapurani," Kuyili akajibu. "Bata wako ana mafua mwaka wa pili huu. Mpitishe kwetu tumpe dawa."

Alijibu vizuri, mtaa ukacheka. Lakini neno lile la kichaka lilimwingia kama mwiba wa tuduvalai. Jumanne asubuhi akakunja sari kiunoni, akaingia bustanini kufanya usafi.

Alifagia. Alipogoa. Alinyoosha matambazi ya mtambuu. Kisha akafika kwenye jiwe la kufulia, pale maji machafu yanapotiririkia, akakuta magugu yamejaa: vijiti vya urefu wa kifundo cha mguu, vyenye vijani vidogo vilivyojipanga huku na huku kama vya mkwaju mchanga. Akavamia. Alivuta kwa mikono miwili, kwa kucha, kwa mundu, bila kuomba ruhusa wala radhi, akapata marundo matatu. Akayarusha juu ya ukuta, upande wa Shangazi Isakki muuza maziwa, kwa mbuzi.

"Ah, leo kuna karamu!" Shangazi Isakki akasema kutoka upande wake wa ukuta. "Kuyili, una hakika hawa mbuzi wangu wale?"

"Wale tu, shangazi! Takataka hizo!"

Mbuzi wakala mpaka vishina, wakalamba midomo.

Jumatano mwalimu akapitisha karatasi nyumba kwa nyumba. Mimea kumi, ambayo lazima bustani itakayochaguliwa iwe nayo. Kuyili aliisoma kwa kiburi cha mtu anayesoma orodha ya jamaa zake. Karpuravalli, ipo. Tuduvalai, ipo. Mwarobaini, mrihani, mshubiri, ipo yote. Tisa aliikuta. Ya kwanza kabisa, iliyopigiwa mstari, ilikuwa kilanelli, ile ambayo wazee huisaga na kuichanganya na mtindi mtu akiwa na macho ya njano. Kuyili alikuwa amelisikia jina hilo mara elfu na kuinywa mara mbili. Kuiona ikiwa bado ardhini, hilo lilikuwa jambo jingine. Akapiga simu Madurai.

"Bibi, hujambo? Mtoto hajambo? Ee, nilikuwa naitazama kilanelli yetu hapa, nikajiuliza tu, wewe kwa kawaida unaitazamia upande gani?"

"Upande gani? Kando ya jiwe la kufulia, imezunguka pote! Hata kipofu ataikanyaga. Geuza kijiti utaona mbegu zimejipanga chini ya majani kama lulu. Unaziona?"

Kuyili alitazama jiwe la kufulia. Udongo ulikuwa mtupu, msafi, umefagiwa kwa mistari.

"Naziona, Bibi," akasema. "Kama lulu."

"Zitunze. Hizo mama yangu alizileta nilipoolewa, kwenye pindo la sari yake. Zimekuwa zikijipanda zenyewe tangu siku hiyo."

Simu ikakatika. Kuyili akaketi juu ya lile jiwe.

Akawaza kwamba mama wa bibi yake alitembea na pindo la sari, na yeye amelisha mbuzi pindo zima. Ubao wa shule ukaanza kufutika mbele ya macho yake, herufi moja moja, mpaka zikabaki zile mbili zilizokosewa.

Ila Kuyili si mtu wa kukaa sana juu ya jiwe. Alikumbuka kwamba mbegu hazijui ukuta. Kama kilanelli ilikuwa ikijipanda yenyewe miaka yote hiyo, basi maji ya kufulia yalikuwa yameibeba mpaka kwenye mfereji ulio nyuma ya zizi la Isakki, kandokando ya shamba la mpunga. Alhamisi asubuhi akaenda, akainama, akageuza kijiti, na lulu zikamwangalia. Akaruka kwa furaha. Akang'oa ishirini kwa pupa, zile zile kucha, ule ule mundu, na nyingi zikakatikia shingoni. Akazipanda kando ya jiwe. Kufikia saa sita mchana zote zilikuwa zimelala kifudifudi kama wanafunzi waliosikia kuna mtihani.

"Zimesema hapana," Kuyili akanong'ona, kisha akatazama huku na huku kama kuna aliyemsikia.

Hapo ndipo biolojia ilipomrudia, imechelewa lakini ipo. Maji ya jioni hulainisha udongo. Kijiti hakikati mzizi kama chuma. Alfajiri hakuna jua la kuunyausha mmea. Na anayeogopa kivuli chake kisiuangukie mmea huwa hana haraka. Mambo yote aliyoyacheka yalikuwa na maana, isipokuwa uzi na maneno. Uzi na maneno hakuyapatia maelezo. Alifikiri ayaache. Halafu akafikiri tena: bibi yake hakuwahi kuyaacha, na mmea wa bibi yake haukuwahi kunyauka.

Magharibi, wakati wanawake wakiwasha taa za mlangoni, Kuyili alipita nyuma ya zizi akiwa na kijungu cha maji na uzi wa manjano alioufumbata ndani ya ngumi. Akachagua mimea mitano yenye afya. Akaifunga uzi mmoja mmoja. Akamimina maji. Kisha, yeye aliyewacheka wake mia mbili wa bibi yake, akapiga magoti kwenye tope na kusema aliyoyasema. Hakuna aliyemsikia. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Ijumaa alfajiri alirudi huko na kijiti cha mkwaju. Saa tatu asubuhi, maua yaliyochorwa chini kwa unga wa mchele yalikuwa bado mapya mlangoni. Mwalimu Arulmozhi, mwanamke mwembamba mwenye miwani mikubwa, alikuwa ametoka kwa Bi Annapurani. Huko alikuwa ameinua mmea mmoja wa kupendeza, ukatoka mzima na mfuko wa plastiki wa dukani ukiwa bado umeushika mzizi, na bata akaendelea kutema maji kana kwamba hakuona. Sasa alikuwa akizunguka kwa Bibi Pechiammal, akigusa, akinusa, akiweka alama kwenye karatasi. Bibi mwenyewe alikuwa ameingia dakika chache kabla, kifurushi bado kwapani.

Wakafika kwenye jiwe la kufulia. Kilanelli tano zilikuwa zimesimama wima, majani wazi, mbegu chini yake zikimetameta kwa umande.

"Kumi kati ya kumi," mwalimu akasema. "Nzuri sana. Nani alizitunza mama alipokuwa safarini?"

Mtu mwenye akili angesema "Mungu" akanyamaza. Kuyili akainua kidevu.

"Mimi, mwalimu. Sijang'oa hata kijiti. Na nimezitunza kisomi, si kwa mambo ya nyuzi na kunong'onezana na majani. Hayo ni ya wazee."

Bibi Pechiammal alikuwa akiitazama mimea ile, kichwa kimeinama upande.

"Zimesimama kwa mstari," akasema polepole. "Kilanelli yangu haijawahi kusimama kwa mstari. Hata polisi hawajawahi kuisimamisha kwa mstari."

"Zimekua na adabu, Bibi."

"Zina adabu kwelikweli!" Sauti ilitoka juu ya ukuta. Kilikuwa kichwa cha Shangazi Isakki, na ndoo ya maziwa ikafuata. "Dada Pechi, karibu nyumbani. Mbuzi wangu wanakusalimu. Jumanne wamekula kilanelli yako yote, marundo matatu, wakasema haijapata kutokea."

Mwalimu akaishusha kalamu. Bi Annapurani, ng'ambo ya njia, aliacha kujifanya anafagia. Kuyili alimtazama bibi yake, akaona macho yake yamekwenda kwenye udongo uliofagiwa, yanatafuta pindo la sari la miaka arobaini.

"Ni kweli," akasema. "Niling'oa mimi. Nilidhani ni magugu. Mwalimu, usimwadhibu bibi kwa ajili yangu. Kila jani hapa ni lake. Ujinga tu ndio wangu."

"Ngojeni, sijamaliza," Isakki akasema, akiiweka ndoo juu ya ukuta vizuri kama mtu anayejiandaa kukaa. "Hizo tano ni watoto wa zile zile. Zilitoka kwenye mfereji wangu, maji ya jiwe lako ndiyo yaliyozileta. Na jana magharibi nilikuwa nakamua, nikasikia mtu anaongea nyuma ya zizi. Nikachungulia. Mtu huyo alikuwa amepiga magoti kwenye tope, kila mmea una uzi wa manjano. Akasema hivi, mwalimu, nakariri: 'Mama, nisamehe, mimi ni mpumbavu. Njoo nyumbani. Bibi yangu jina lake halijaandikwa popote.'"

Bibi Pechiammal akainama. Akachutama kando ya mmea wa mwisho, akausogeza udongo kidogo kwa kidole, bila kucha. Chini ya shina, kwenye tope, kulikuwa na kipande cha uzi wa manjano ambacho mtu fulani alisahau kukifungua. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umenyooka kama wa mtu anayepita mbele ya bendera.

"Mwalimu," akasema, "andika ubao wako. Pechiammal, bibi yake Kuyili. Majina yote mawili, na herufi zitimie."

Mwalimu akaandika, akisoma herufi moja moja kwa sauti, na Bibi akazisikiliza zote kama mtu anayepokea wageni mlangoni. Kuyili alikuwa amegeukia mtambuu, anakagua jani lisilo na kasoro yoyote.

"Isipokuwa jambo moja, shangazi," akasema bila kugeuka, sauti ikianza kumrudia. "Umesema nilikuwa naongea, sawa. Lakini usije ukaenda kuwaambia watu kwamba nililia. Yale yalikuwa maji ya kumwagilia."

"Mimi sijasema ulilia," Isakki akajibu, akichukua ndoo yake. "Lakini kwa kuwa umelitaja mwenyewe, mwanangu, maji ya kumwagilia hayatoki puani."