Kibandiko Hakisomwi

Mtaani wananiita Pua, na si kwa ukubwa wake. Nipe kipande cha mti, nikikwangue kwa ukucha, nikilambe kidogo, nikinuse, nikuambie ni mti gani. Nimekereza mabakuli, miguu ya meza na mipini ya patasi kwa miaka thelathini, na bado sijakutana na muuza mbao asiye mwongo. Atabandika jina la mti wa bei mbaya juu ya kipande cha kuni, huku anakuita ndugu yangu.

Ndiyo maana mke wangu alipokwenda ng'ambo kumlea bibi kizee mmoja asiyejiweza, akagundua kwamba karibu na hapo kuna duka la mbao za kila pembe ya dunia, nilimpa sharti moja tu: kibandiko hakisomwi. Asinitajie jina lililoandikwa. Anieleze mti wenyewe kwa simu, niutambue mwenyewe, ndipo anunue.

Mwanzoni aliona haya. Alisema mwenye duka anamkodolea macho, mtu mzima na akili zake analamba mbao. Lakini alijifunza. Siku yake ya mapumziko ikifika, mchana kwetu, simu inalia, namsikia anapumua karibu kabisa na sikio langu, anauliza aanzie wapi. Namwambia aupime mkononi. Aulowanishe, aone rangi inavyobadilika. Atazame pale msumeno ulipopita, vitundu vyake ni vikubwa au vidogo. Nusu saa nzima tunaongea habari za mti. Ya kwetu wenyewe hatukuyafikia sana. Mimi si mtu wa maneno, na kusema kweli niliogopa kwamba nikianza sitanyamaza.

Kwa miaka sita alikuwa ametuma vipande kumi na kimoja. Kila kimoja nilikikereza kikawa kopo lenye kifuniko, na makopo yote yamepangwa kwenye rafu juu ya mashine ya kukerezea. Hakuna la kuuza. Dada yangu mkubwa, anayekaa nyumba ya pili, kila akiingia karakana anauliza kama nilioa mke au nilioa posta. Namwambia ashike njia yake. Akishaondoka nafungua kopo moja moja na kunusa ndani, kwa sababu kabla ya mikono yangu, mbao zile zilishikwa na mikono yake. Namtamani mke wangu. Ndivyo ilivyo, na kwa umri huu sioni aibu kulisema.

Mwaka huu mkataba wake ulikuwa unakwisha. Akapiga simu akiwa dukani, lakini safari hii hakuanza na mti.

"Wanataka nisaini miaka miwili mingine," akasema. "Nisaini, nisisaini?"

Nilitaka kusema rudi. Neno lilifika mpaka mdomoni. Nikaona nitakuwa nimemfunga kamba, kesho aje anilaumu. Nikasema, "Utakavyoona wewe."

Kisha akasema kuna mti ameushika hapo, anataka niutambue. Aliueleza taratibu kuliko siku zote. Mzito, mgumu, ukucha hauingii. Mweupe unaoelekea manjano, na katikati una moyo wa hudhurungi iliyokaribia zambarau. Halafu mwili mzima una mistari myembamba myeusi, imepindapinda kana kwamba mtu ameichora kwa kalamu. Aliniuliza mara mbili kama kweli siujui. Nikafikiri sana, nikautaja mti mmoja wa visiwa vya mbali ambao nilikuwa nimeusikia tu, nikamwambia aununue upesi kabla hajatokea mnunuzi mwingine. Akasema haya.

Mzigo ulifika Jumatatu. Kipande kilikuwa kimepakwa nta pande zote kisipasuke, na kibandiko kilikuwa bado juu yake, ingawa siku zote mke wangu hukibandua kabla ya kutuma. Nikakibandua bila kukitazama, nikakitupa kwenye maranda. Baadaye akapiga kuuliza kama nimeuona vizuri. Nikamjibu nimeuona, mzuri sana, ahsante. Akasema sawa, na simu ikakatika mapema.

Alhamisi nikakifunga kwenye mashine. Nta ilipokwisha kutoka, patasi ikaanza kulalamika kwa sauti ninayoijua. Nikazima mashine. Nikachukua nyundo yangu ya mti, ile ninayoishika kila siku ya Mungu, nikaiweka pembeni ya moyo wa kile kipande. Rangi ile ile. Vitundu vile vile.

Ulikuwa mkwaju. Mkwaju kama ule uliokuwa nyuma ya nyumba yetu, aliokuwa mke wangu akianika nguo chini yake huku anaimba ovyo, mpaka nilipoukata kwa sababu mizizi iliinua sakafu ya karakana. Alininunia wiki mbili. Nyundo niliitoa humo. Ile mistari myeusi ndiyo iliyonipoteza, kumbe ni ukungu tu, mti ukiachwa chini mpaka uanze kuoza. Kwetu mti wa hivyo ni kuni. Wenzetu wa ng'ambo wanauweka dirishani mwa duka.

Nikapiga magoti, nikapekua maranda mpaka nikakipata kibandiko. Chini ya maandishi ya dukani alikuwa ameandika kwa mkono wake: Unaukumbuka?

Nikampigia hapo hapo.

"Ni mkwaju," nikasema.

"Ndiyo."

"Ulijua tangu dukani?"

"Jina si liliandikwa? Lakini wewe ulisema kibandiko hakisomwi." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Nilikueleza kila kitu, nikangoja useme ni mti wetu. Ukataja wa visiwani. Nikasema basi, angalau mti wenyewe urudi nyumbani."

"Usisaini," nikasema. "Nasema mimi, si utakavyoona wewe. Rudi, mke wangu."



"Nilisaini Jumanne," akasema.

Hatukukata simu. Tulikaa hivyo muda mrefu, kila mmoja akimsikiliza mwenzake anavyopumua. Mwishowe akaniomba nisiukereze mpaka aje, nikamwambia sitaugusa.

Niliyeyusha nta, nikapaka pale patasi ilipokwisha kula, kwa sababu mti mnene kama ule unataka miaka miwili kukauka bila kupasuka. Nikauweka kwenye rafu, mwisho wa makopo. Kile kibandiko nilikipangusa vumbi, nikakirudisha mahali pake kwa gundi.